Mama Aliyetaka Kuijua Presha Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka Pudensiana, mkulima wa mpunga wa kijiji kimoja nje kidogo ya Mpanda. Kiharusi kilimchukua Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Pudensiana alikuwa mgonjwa wa presha. Kwa miaka minne alihudhuria kliniki kila mwezi kwenye zahanati ya kijiji. Alipimwa, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Presha ni ngapi, hakuambiwa. Dawa ni gani, hakuambiwa. Kisha jirani yake Marselina, naye mgonjwa wa presha, presha ikampanda akichota maji kisimani, akaanguka akafa. Marselina naye hakuwahi kuambiwa.

Basi kwenye mkutano wa kijiji Pudensiana akasimama.

"Mwili ni wangu," alisema. "Kwa nini namba aijue nesi peke yake?"

Hakuna aliyepiga makofi. Nesi mwenyewe, Dorice, alikuwa amekaa pale mbele.

Zilibaki siku kumi na mbili kufika siku ya kliniki. Majirani walimnong'oneza kwamba ukimsema nesi, siku ya shida hujui atakupokeaje. Mumewe, mzee Damiano, alimsihi waende kutibiwa mjini, wasikojulikana. Nauli walikuwa nayo. Pudensiana alikataa, ila usingizi ulimkimbia, na vidonge vilikuwa vinaisha.

Siku ikafika, akaenda. Kwenye benchi wenzake walimpisha. Dorice hakumsalimia. Alimfunga mkanda mkononi, akasubiri, kisha akamgeuzia mashine.

"Soma mwenyewe, mama."

Mia moja tisini na nane, chini yake mia moja kumi na nane. Dorice alipomweleza kuwa hiyo ni presha ya juu mno, Pudensiana alisahau kumwogopa nesi, akaiogopa namba. Ndipo Dorice akavuta kiti. Akamwambia kuwa wagonjwa ni wengi, yeye ni mmoja, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tangu hapo pale zahanati kila mgonjwa wa presha huandikiwa namba na jina la dawa kwenye daftari lake. Pudensiana akachaguliwa kwenye kamati ya zahanati. Binti yake, Emerensiana, anasema: "Mama hakuacha kuogopa. Kila kikao alikuwa anaenda hivyo hivyo."

Tunawapa pole mzee Damiano, Emerensiana na ukoo wote. Mungu awatie nguvu.

Kamati inakutana Alhamisi. Watu wawili wameombwa, mmoja wao achukue nafasi yake. Wote wameomba muda wafikirie. Nasi tufikirie pamoja nao. Wewe unayenisikiliza, mwenye vidonge pale mezani: unajua vinaitwaje?