Majibu Yasiyochukuliwa ya Mgeni wa Kwanza

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, mtaalamu mkuu wa maabara yetu atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi katika kituo hiki cha uchunguzi wa afya. Kwenye mafaili ana jina lake la kiofisi, lakini wanaolitumia ni wachache. Kwa wafanyakazi na wateja yeye ni Bi Tayari.

Jina hilo alipewa na kocha mmoja wa ndondi. Mtu mwenye mikono kama magogo alikaa kwenye kiti cha kutolea damu, akafumba macho, akakaza taya, akauliza kwa sauti ndogo, "Unaanza saa ngapi?" Akajibiwa, "Tayari." Alipofumbua macho, pamba ilikuwa imeshabandikwa. Alitoka akiwasimulia waliokuwa kwenye foleni, na tangu siku hiyo jina halikubanduka.

Wasifu huu ulikuwa uwe mwepesi. Karani wa majibu alipewa kazi ya kuuandika kwa sababu ndiye mpya kuliko wote na hana pa kukwepea, na rasimu yake ya kwanza ilikuwa vichekesho vitupu. Rasimu hiyo imechanwa. Yaliyomo humu yameandikwa kwa idhini ya Bi Tayari mwenyewe, aliyoitia sahihi, akaagiza lisifichwe hata neno moja.

Alipoanza kazi, kituo kilikuwa na vyumba viwili na darubini moja. Alipokea watu, akawapima urefu na uzito, akawafunga mpira mkononi, akatoa damu, akasoma vioo kwenye darubini, na jioni akafua makoti. Leo tuna vyumba tisa, na anayekuja kupimwa anavizunguka kwa muda wa saa tatu: presha, kiuno, damu, mkojo, macho, umeme wa moyo, altrasaundi ya tumbo, halafu daktari. Anayekuja hapa hatumwiti mgonjwa. Tunamwita mgeni, kwa sababu amekuja kwa miguu yake akiwa mzima, na hakuna aliyemwambia bado kwamba anaumwa. Neno hilo alilileta Bi Tayari.

Tangazo la mlangoni nalo ni lake. Mgeni mmoja aliambiwa aje bila kula, akatii kupita kiasi: toka mchana wa jana yake hakunywa hata maji. Mishipa yake ikajificha kabisa. Alipoulizwa, akasema hata mate alikuwa anatema. Kesho yake tukakuta karatasi imebandikwa kwa mwandiko wake: "Usile. Maji kunywa. Mate meza." Bado ipo.

Kwenye chumba cha kupimia kiuno, kila mtu huvuta tumbo ndani. Bi Tayari hakugombana na mtu. Alizungusha utepe, kisha akamuuliza mgeni jina kamili la mama mkwe wake, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kusema majina matatu huku amebana tumbo. Namba aliyoiandika ilikuwa ya kweli. Na kwa waliokuwa wakimkodolea macho wakati anatazama kichupa au karatasi, alikuwa na sentensi moja: "Usisome uso wangu, subiri daktari."

Kilele cha kazi yake ni mafunzo. Wote wanaotoa damu katika kituo hiki, kumi na saba kwa hesabu ya masjala, walijifunzia kwenye mkono wake. Kila Jumatatu asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, alikunja mkono wa koti, akakaa kwenye kiti na kumwambia mwanafunzi, "Haya, nichome. Ukinikosa nitakwambia, ukinipata nitakwambia." Mmoja wao, ambaye sasa ni msimamizi wa zamu, anakiri kwamba alimkosa mara tano kwa siku moja. Mara ya tano Bi Tayari alimwambia, "Mwanangu, huo ni mkono, si kitambaa cha kufumia." Hakuwahi kuondoa mkono.

Damu hiyo ya Jumatatu haikumwagwa. Miaka tisa iliyopita ilikuja mashine mpya, na vichupa vya kuihakiki, ambavyo namba zake zinajulikana mapema, vikachelewa kufika kwa wiki sita. Bi Tayari alikuwa anazijua namba za damu yake. Akasema mashine ikimwambia yeye ukweli, itawaambia na wengine. Kwa kuwa mashine haipokei kichupa kisicho na jina, na chake ndicho kilikuwa cha kwanza kwa siku, akakiandikia "Mgeni wa Kwanza", na karatasi ya majibu ikatiwa bahasha na kupelekwa masjala kama ya mgeni mwingine yeyote. Vichupa vya uhakiki vilifika, vikaanza kutumika kila siku, na vinatumika mpaka leo. Majibu ya wageni wetu yamekuwa sahihi muda wote huo, na hilo limekaguliwa upya mwezi huu. Lakini Bi Tayari hakuiacha desturi yake. Alisema chupa ni shahidi wa kwanza, damu ya mtu ni shahidi wa pili.

Mwezi uliopita meneja aliagiza majibu yote yasiyochukuliwa yatafutiwe wenyewe. Karani alifungua droo ya chini kabisa ya masjala, akakuta bahasha mia nne na kumi na mbili za mtu mmoja. Alipigwa na butwaa. Kulikuwa na mteja aliyepimwa kila wiki kwa miaka tisa na hakuchukua jibu hata moja. Faili halikuwa na anwani, halikuwa na daktari. Lilikuwa na namba ya simu tu. Karani akapiga.

"Samahani, namtafuta Mgeni wa Kwanza."

"Nani?"

"Mgeni wa Kwanza. Ana majibu yake hapa, hajayachukua miaka tisa."

Upande wa pili palilipuka kicheko kilichosikika pia kupitia ukutani, kwa sababu namba ile ilikuwa ya ndani, ya maabara. "Mwanangu, huyo ni mimi. Na hayo si majibu, hiyo ni mashine. Chana, tupa."

Karani hakuchana. Alikuwa ameshazipanga karatasi kwa tarehe, na safu moja ilikuwa inapanda. Ni safu ya kreatinini, taka ambayo figo nzima huiondoa kwenye damu. Kwa mwanamke, ikipita tisini hivi, daktari huanza kuuliza maswali. Mgeni wa Kwanza alianza na sabini na mbili. Mwaka wa sita alikuwa na tisini na nane. Mwaka wa nane, mia ishirini na tano. Jumatatu ya wiki ile, mia sitini na moja. Sukari yake na mafuta yake vilikuwa vimetulia mahali pamoja miaka yote, na mashine inayodanganya haichagui safu moja ya kudanganyia.

Alizipitia mara nne kutwa nzima, maana si jambo jepesi kwa mtu wa miezi mitano kazini kwenda kusema kwamba mtu wa miaka thelathini na mmoja hajaisoma karatasi yake mwenyewe. Saa kumi jioni alizipeleka kwa daktari mkuu. Daktari alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Kisha akauliza kitu ambacho kila mmoja wetu amejiuliza tangu siku ile: ilikuwaje watu arobaini na wawili wanaoishi kwa kutafuta magonjwa ya watu hawakuona?

Jibu ni kwamba tuliona. Bi Tayari mwenyewe aliona. Kila namba ilipopanda alisema mashine imepanda, akamwita fundi. Fundi alikuja mara tatu. Mara ya tatu, miezi kumi na minne iliyopita, alifunga boksi lake la vifaa na kusema, "Bi mkubwa, mashine haina kitu. Labda mwenye kitu ni wewe." Maabara nzima ilicheka. Yeye alicheka kuliko wote, akamtengenezea fundi chai. Tulikuwepo, na tunakumbuka tulivyocheka.

Ipo pia haki ya kila mfanyakazi kupimwa bure mara moja kwa mwaka. Kwenye daftari la haki hiyo, mbele ya jina lake, ameandika kila mwaka neno moja: "Nimeshapimwa." Hakusema uongo.

Daktari mkuu alipomwita na kumwekea karatasi mezani, alizipitia moja moja kwa tarehe. Alisema, "Miaka yote nimeiangalia namba hii nione kama mashine inadanganya. Sijawahi kuiangalia nione kama mimi naumwa." Damu yake ikapelekwa kwenye maabara nyingine, nje ya kituo. Ikarudi na namba ileile.

Alhamisi iliyofuata aliingia kwa mlango wa mbele, akiwa na njaa, ameshika kadi ya foleni. Alijaza fomu kwa jina lake kamili. Presha ilisoma mia sabini na nane juu ya mia na nne, ikarudiwa, ikasoma vilevile. Mkojo ulionyesha protini. Kwenye altrasaundi, mpimaji, ambaye ni mmoja wa wale kumi na saba, alitembeza kifaa ubavuni, akakirudisha palepale. Bi Tayari aligeuza uso ukutani ili yule binti asilazimike kuuficha wake. Figo zote mbili zimesinyaa. Presha ambayo hakuna aliyewahi kuipima ilikuwa inazila taratibu.

Meneja alimpigia simu mume wa Bi Tayari, fundi cherehani, kumwomba aje. Mzee alikuja na suti na tai. Akauliza mapokezi, "Kwani sherehe mmeiwahisha?" Bi Tayari ndiye aliyemshika mkono wakaingia wote kwa daktari.

Hali ni hii, na ameagiza iandikwe ilivyo. Figo zake zinafanya kazi theluthi moja. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kushikiliwa kwa miaka mingi, kwa dawa za presha, kwa kupunguza chumvi, na kwa kuonana na daktari wa figo bila kuruka miadi hata mara moja. Daktari mkuu anasema kwamba angestaafu bila faili lile kufunguliwa, mwaka ujao angeletwa kwenye machela.

Faili la Mgeni wa Kwanza limefungwa. Tangu wiki iliyopita hakuna kichupa kinachoingia kwenye mashine bila jina la mtu halisi na la daktari wake, na neno "nimeshapimwa" halipokelewi bila karatasi yenye sahihi ya daktari. Wafanyakazi wote tumeanza kupimwa. Wawili tayari wamekutwa na presha na wameanza dawa.

Bi Tayari, tunakushukuru kwa mkono uliotukunjia kila Jumatatu, na kwa kutofundisha hata mmoja wetu kwa hasira. Tunakuomba radhi kwamba watu kumi na saba tulikuchoma kwa miaka tisa na hakuna aliyekuuliza unaendeleaje. Hukutulaumu, na hilo ndilo linalotuuma zaidi.

Wenzetu wote wazingatie: sherehe ya kuagana itaanza saa nane mchana, si saa nne asubuhi kama ilivyotangazwa. Asubuhi hiyo Bi Tayari ana miadi kwa daktari wa figo. Alipendekeza aiahirishe ili asituharibie ratiba. Tumekataa. Dereva wa kituo atampeleka, mumewe atakuwa naye, na tutasubiri hadi atakaporudi, hata ikifika saa kumi na mbili. Bi Tayari, tunakuombea siku nyingi na pumziko la kweli, na kila utakapokuja hapa, ukae kwenye kiti cha wageni.