Mguu Uliotangulia

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu. Aliyeinuka kunipa kiti arudi akae. Nina mguu mmoja, magongo mawili, na mdomo wangu huu mnaoujua. Sitaanguka.

Majina sitataja. Hapa Kigombe ukitaja jina la mtu asubuhi, adhuhuri limeshafika Pongwe.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, nakaanga samaki wa kuuza pale barabarani. Siku moja karai likapinduka, mafuta yakanimwagikia kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Nilipona, tukamshukuru Mungu, lakini ngozi iliyoota pale ilikuwa nyembamba, inang'aa, ikiguswa na kijiti inachanika. Inafunga, inafunguka. Miaka ikapita hivyo, mume akaenda zake, kidonda kikabaki. Mnajua wenyewe tunavyokiita kidonda cha namna hiyo: donda ndugu. Ndugu kweli, maana nililala nacho na kuamka nacho.

Nikarudi kwa mama yangu. Kila akimaliza kusali alfajiri, anakuja na beseni la maji ya vuguvugu na chumvi, anaweka mguu wangu mapajani pake, anauosha polepole. Halafu anatia mrututu, yale mawe ya buluu yaliyosagwa. Aliyewahi kutiwa mrututu ananielewa. Utaimba bila kufundishwa!

Pakishawaka pakawa pekundu, pa moto, pamevimba, mama anafurahi. "Tulia mwanangu, dawa inapigana na ubaya." Mimi namwamini. Nani kati yetu hakulelewa hivyo, kwamba dawa ikiuma ndiyo inafanya kazi?

Kisha ukingo wa kidonda ukaanza kuinuka, mgumu kama ukoko wa wali. Harufu nayo ikabadilika. Ndugu zangu, hapa nisikilizeni vizuri. Harufu ilipobadilika, sisi hatukwenda hospitali. Tuliongeza udi. Kukiwa na harusi mama ananiwekea chetezo chini, nasimama juu yake nimejifunika kanga, moshi unapanda mpaka shingoni. Mkawa mnanisifu, "Fulani ananukia!" Na mimi natabasamu huku moyo unalia.

Aliyenivua udi huo ni shoga yangu mmoja. Tulikuwa msibani Mwera, tunamenya vitunguu, nzi wakaacha nyama yote iliyokuwa pale wakaja kwenye pindo la kanga yangu. Hakusema neno mbele za watu. Akanishika mkono, akanipeleka uani.

"Funua."

"Shoga, niache."

"Funua, au nifunue mimi."

Nikafunua. Alilia yeye kabla yangu. Kesho yake alikuja mlangoni kwetu amevaa baibui, tayari kwa safari ya mjini.

Hospitali wakanikata kinyama kidogo, wakakipeleka kupimwa. Siku ya majibu nilikwenda na mama. Daktari alikuwa binti mdogo, akamwamkia mama shikamoo, akavuta kiti karibu yetu. Akasema ni kansa, na mguu lazima ukatwe.

Mama akauliza kitu kimoja tu: "Imetoka wapi?"

Yule binti akaeleza kwa upole. Nyama ikiumia, seli zake hutoa mwito. Walinzi wa mwili wanakuja na damu, ndiyo maana panakuwa pekundu, pa moto, panavimba. Mwito huohuo huziambia seli za ngozi zizaane, zizibe pengo. Kidonda kikifunga, mwito unanyamaza. Changu hakikunyamaza. Miaka yote seli zinaambiwa zaaneni, zaaneni, na kila zikizaana zinaweza kukosea, mpaka ikapatikana moja isiyosikia tena ikiambiwa basi.

"Na hao walinzi walikuwa wapi?" mama akauliza.

"Walikuwepo, bibi. Lakini kansa nayo hutoa mwito wake. Walinzi wengine wanachoka, wengine wanalaghaiwa, wanaanza kuitumikia, wanailetea damu ikue."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Na mrututu?"

Daktari angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Bibi, kidonda kisichopona miaka kina hatari hii hata pasipo mrututu. Lakini kila kilipounguzwa, kiliita upya."

Njiani kurudi nilimshika mkono. Nikamwambia, "Mama, ulikuwa unanipenda." Akanijibu, "Najua. Ndilo linaloniuma."

Nikakatwa chini ya goti. Wakatoa na mtoki kinenani, ile tezi wanamokaa walinzi wa mwili, wakaupima, ukaonekana safi. Walinzi wa pale walikuwa bado wameshika mlango. Ndiyo maana mnaniona hapa.

Mguu wenyewe tulipewa. Sisi Waislamu kiungo cha mtu hakitupwi, kinazikwa. Mimi nilikuwa bado wodini, shoga yangu ndiye aliyenisimulia. Mama aliufungua uani, akaomba beseni, maji ya vuguvugu na chumvi. Shehe akamwambia kwa adabu, "Bibi, mguu wa mtu aliye hai haulazimiki kuoshwa. Ufungwe tu kitambaa, uzikwe."

Mama akasema, "Najua, shehe. Ila nimezoea."

Akauweka mapajani pake, akauosha polepole, kama kila alfajiri. Safari hii hakutia kitu. Wanaume wakauzika nyuma ya nyumba, pale kwenye makaburi yetu.

Mama hakukaa sana baada ya hapo. Mpaka anafariki nilimwambia sina kinyongo naye, naye aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayemridhisha mtoto.

Namshukuru Mungu. Namshukuru shoga yangu, ambaye hivi sasa anainamisha kichwa nisimtazame. Namshukuru yule binti wa hospitali kwa kutomdanganya mama yangu.

Na ninyi nawaambia: kidonda kisichopona si cha kuunguza wala kufukiza, ni cha kuonyesha. Mwenye nacho chini ya kanga hapa, namsihi leo asitoke kabla ya kunishika mkono. Uani kupo.

Mama alituachia usia mmoja. Aliomba azikwe kando ya mguu wangu. Kila alfajiri nikifungua dirisha naviona vilima viwili vya mchanga, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Nasema, mama, leo mguu haukuniuma.