Papa Soudi na Kikwembe cha Mama Mounira

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuilea redio yetu, fundi mkuu Papa Soudi Kalonda anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Siku hiyo ni sikukuu ya uhuru wa nchi, na aliichagua mwenyewe. Anasema naye ameungoja uhuru wake vya kutosha.

Ni mtoto wa Kindu. Ufundi alijifunza kwa kufungua redio za majirani, na lazima tuseme ukweli, baadhi yao walirudishiwa redio zikiwa kimya zaidi kuliko zilivyokuja. Alipoajiriwa mwaka 1994, ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni, na treni ya mizigo ikipiga honi msomaji wa habari alinyamaza mpaka ipite. Papa Soudi alileta godoro akaziba dirisha. Lilikuwa godoro la nyumbani kwake. Yeye na mkewe, Mama Mounira, walilala kwenye mkeka mpaka mavuno, na hapo ndipo redio ilipoanza kumchukulia mama huyu vitu vyake.

Vita vilipofika mjini, wenye silaha walibeba kila kitu chenye waya. Papa Soudi alifungua mashine ya kaseti na mitambo ya sauti, lakini hakuwa na pa kuvificha. Mama Mounira akatoa kikwembe chake kipya, kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, akavifunga vyombo ndani, akapanga juu sombe, majani ya muhogo, akajitwika na kushuka bandarini. Alipoulizwa amebeba nini, alijibu, "Sombe ya watoto, baba. Munataka kuonja?" Hawakutaka. Akavuka Lualaba kwa mtumbwi, mume wake nyuma akitetemeka. Hilo anakubali mwenyewe. Mama alikuwa ameahidiwa kwamba kikwembe kingerudi baada ya siku mbili.

Hakikurudi. Redio ilipofunguliwa tena, Papa Soudi alikitandaza juu ya vyombo na kutoa amri: chombo kifunikwe. Kilichoviokoa na wezi kitaviokoa na vumbi. Kompyuta ilipoletwa baada ya amani, kasha lake nalo likaingia chini ya kikwembe, nasi tukawa tunalifunua uso tu, kama bibi arusi. Kila Idi Mama Mounira hutuletea vitumbua, hukitazama, huuliza, "Kikwembe yangu, njo ile? Mutanirudishia lini?" Sisi tulicheka na kuendelea kula.

Papa Soudi si mtu mpole, tusimsingizie. Chai haiingii studio. Neno lake kubwa ni "Musiiguse", na wageni wengi walidhani ndiyo salamu yetu. Lakini katika miaka ile ya vita watu walipokuja kutafuta ndugu zao waliopotea, yeye ndiye aliyewarekodi, mmoja mmoja, akiwapa maji kwanza ili sauti isikwame. Kaseti hizo zote alizitunza.

Ndiyo maana mwezi wa Machi mwaka huu alikuja Mama Germaine, kutoka Obokote. Alikimbilia huko wakati wa vita akiwa msichana, na mama yake alifariki kabla hawajaonana tena. Aliporudi nyumbani watu walimwambia neno moja: mama yako alikwenda kwenye redio kukuita, na wewe hukuja. Matangazo yetu hayakufika Obokote wakati ule, kwa hiyo hakusikia kitu. Ila neno hilo ameishi nalo zaidi ya miaka ishirini. Alitaka kusikia alivyoitwa, aombe msamaha akijua anaomba kwa lipi.

Kaseti ilipatikana. Papa Soudi alijaribu kwanza nyingine ya boksi hilo hilo, na utepe wake ukakatika papo hapo. Akaelewa kwamba sauti ya yule mama ingesikika mara moja tu, na lazima iingie moja kwa moja kwenye kompyuta. Félicien wa habari za michezo alisema tuichukue kwa simu, lakini kelele za jenereta zingeifunika sauti ya bibi wa watu. Na kompyuta, kwa majuma kadhaa, ilikuwa inajizima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi, ikipoteza kila kitu ambacho hakijahifadhiwa.

Wengine tulinong'ona kwamba ni bulozi, uchawi wa mtu. Papa Soudi alishuku umeme, ambao kwetu ndio mshukiwa wa kwanza wa kila kosa, akaiunganisha na betri za jua. Ikajizima. Akaizuia isijiwashe yenyewe, ili ibaki imeonyesha kosa lake kwenye kioo. Ikawa giza bila kusema lolote. Akatafuta virusi, akabadilisha vipande vya kumbukumbu, akaweka kisanduku cha umeme kutoka mashine nyingine iliyokufa. Kila mara alibadilisha kitu kimoja tu, kisha akakaa kungoja. Mama Germaine naye alingoja kwenye benchi la mlangoni, mfuko mapajani, na tulipompita tuliona haya.

Mwishowe aliona kwamba asubuhi, ikiwa baridi, mashine ilidumu. Ikizimika na kuwashwa hapo hapo, haikudumu. Akaligusa kasha, akarudisha mkono haraka.

"Haina bulozi," akasema. "Iko na joto tu."

Alipolifungua, feni ilikuwa imesongwa na vumbi, na kwenye mhimili wake zilikuwa zimejiviringisha nyuzi za kijani na za njano. Miaka yote hiyo tulikuwa tumefunika mahali pale pale joto linapotokea. Félicien akasema polepole, "Kikulacho ki nguoni mwako." Papa Soudi alicheka mpaka akakohoa, kwa maana amri ilikuwa yake. Alisafisha feni kwa brashi ya rangi, akapaka upya dawa ya kupitisha joto, akakikunja kikwembe. Siku nzima mashine haikuzimika.

Ndipo akamwita Mama Germaine ndani. Kaseti ilizunguka, na sauti ya mama mzee ikatoka: "Germaine, mwanangu. Kama unasikia, usirudi. Njia iko mubaya. Usirudi kwa ajili yangu. Kaa kule, kula, uolewe, uzae. Mimi sina kasirani."

Utepe ukakwama, na haujazunguka tena. Kompyuta haikuzimika, na sauti ikahifadhiwa. Papa Soudi alikuwa amekaa sakafuni, kiganja juu ya kasha, kama mzazi anayepima homa ya mtoto.

"Hakuniita," Mama Germaine akasema. "Alinikataza."

Aliomba kusikia tena, na tena, mpaka jioni. Sote tulilia, na Papa Soudi alidai ni vumbi.

Papa Soudi, asante kwa sauti ulizotutunzia, na kwa ukali wako pia, ambao tutaukosa. Mungu akupe afya, usingizi mrefu, na majirani wasio na redio mbovu. Chombo hakitafunikwa tena. Na wewe, Mama Mounira, tumekifua na kukipiga pasi, kina matundu mawili, utusamehe. Siku mbili zimekwisha; kikwembe chako hiki hapa.

Yvette, mtangazaji, kwa niaba ya wafanyakazi wote