Mama Usikwangue Afunga Dirisha la Tatu

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Mama Usikwangue atashusha pazia la dirisha la tatu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia Ofisi ya Vitambulisho. Jina lake halisi lipo kwenye faili, na wahasibu wanalijua. Sisi wengine tukilisikia likiitwa, tunageuka kutazama ni mgeni gani ameingia.

Aliajiriwa kama karani wa kupokea fomu, enzi ambazo kitambulisho kilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne na picha iliyobandikwa kwa gundi. Muhuri ulipigwa juu ya paji la uso wa mwenye picha, ndiyo maana kizazi kile kizima kinaonekana kama kilitoka kwenye ajali moja. Karatasi zile zilifuliwa pamoja na suruali, na zilizobaki ofisini zilitunzwa vizuri sana na mchwa.

Kisha zikaja kadi za mwanga. Waliojiunga nasi juzi hawakuzikuta zikiwa mpya, basi tueleze kidogo. Ni kadi ya kuingia kwenye pochi: mbele picha, nyuma ukanda mpana unaong'aa kama kioo. Katika ukanda huo mashine ilichoma kwa mwale wa leza vinukta visivyoonekana kwa macho, na ndani ya vinukta hivyo akakaa mtu mzima: jina, sura, alama za vidole na wazazi wake. Kilichochomwa hakifutiki. Ukihama, anwani mpya inachomwa pembeni ya ile ya zamani, zikakaa pamoja kama wake wenza wasiosalimiana.

Tatizo ni kwamba ukanda ule ulifanana mno na vocha ya simu. Wiki ya kwanza watu walipokea kadi zao, wakatoka hadi kwenye ngazi, wakatoa sarafu, wakakwangua. Walitafuta namba. Mzee mmoja alirudi akilalamika kwamba ameikwangua yote na hajashinda hata fulana.

Hapo ndipo Mama alipobuni kiapo chake. Alikukabidhi kadi kwa mikono miwili, nawe ukashika upande wako, na hakuachia mpaka utamke kwa sauti: "Sikwangui." Waliapa matajiri na wachukuzi, akaapa mkwewe mwenyewe. Mkurugenzi wetu wa wakati ule alikataa, akasema yeye ndiye aliyesaini barua ya kuzileta kadi hizo. Wakavutana kwa muda usiofaa kuandikwa katika jarida la ofisi. Hatimaye akaapa kwa sauti ndogo, na Mama akamwambia kwamba walio nyuma ya foleni hawajasikia.

Wateja aliwapenda, ila hakuwadanganya. Binti mmoja alikuja akitaka jina la mume wa kwanza lifutwe kwenye kadi kabla wa pili hajaliona. Mama akamwambia, "Halifutiki, mwanangu, ila huyu mpya tutamweka juu yake." Binti akaondoka ameridhika. Kuhusu mume wa pili hatuna taarifa.

Haki itendeke pia kwa sisi tuliokaa naye chumba kimoja. Mama aliamini kwamba vumbi ndilo adui wa kadi za mwanga, na kwamba feni ndiyo gari la vumbi. Feni yetu iko darini tangu jengo lifunguliwe na haijawahi kuzunguka mbele yake. Tumefanya kazi kwa jasho, halali kabisa.

Lakini siku tutakayomkumbuka nayo ni ya mwezi uliopita. Kama mjuavyo, kadi za chipu zimeshika zamu, na kila mwenye kadi ya mwanga alitakiwa kuileta isomwe ili habari zake zihamishiwe kwenye kadi mpya. Mashine ya mwisho ya kusomea ilikuwa ing'olewe Jumatatu. Ijumaa jioni, milango ikikaribia kufungwa, akaingia fundi viatu anayekaa nje ya geti letu. Aliye jirani na kisima ndiye wa mwisho kuchota.

Kadi yake ilikuwa imekwanguliwa. Yeye aliapa na akatunza kiapo; aliyekwangua ni mama mkwe wake, akitafuta muda wa maongezi ampigie binti yake. Na mama mkwe, utamfanya nini?

Tungecheka, ila nyumba ya fundi iliungua zamani, cheti cha kuzaliwa kikaenda na moto. Fomu zake za hapa zilipita kwa mchwa. Waliomshuhudia alipoandikishwa wametangulia wote. Kadi isiposomeka siku ile, angebaki na umri wake wote huku hana pa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Mashine ikamkataa. Ikamkataa tena. Fundi akajaribu mzaha: "Mama, viatu vyako nashona miaka yote hii, leo hunijui?" Mama akamjibu kwamba yeye anamjua, mashine ndiyo inayojifanya mgeni. Mlinzi alishaanza kufunga madirisha. Mama akaitazama kadi, akalitazama sanduku la fundi, akamuuliza kiatu kikikwaruzwa hufanywa nini.

Fundi akajibu kama mtu aliyetukanwa: kinajazwa nta, kinasuguliwa. Kisha wakatazamana.

Likatoka kopo la dawa ya viatu isiyo na rangi, kikatoka kile kitambaa laini cha kumalizia. Fundi akainama juu ya kaunta akaipaka kadi yake, akaisugua taratibu kutoka katikati kwenda pembeni. Mama akamkumbusha asiitemee mate.

Mashine ikanung'unika, ikafikiri, ikasoma. Kwenye skrini akatokea kijana mwenye nywele za kutosha watu wawili. Fundi akauliza huyo nani. "Ni wewe," Mama akasema, "kabla upara haujaandikishwa." Tukacheka wote, naye akageuka ajifute macho kwa kitambaa kilekile, akarudi shavu moja likimeremeta kama kiatu cha harusi.

Kadi mpya ya chipu haina cha kukwangua, wala kiapo hakihitajiki tena. Mama akaitoa kwa mikono miwili, kwa mazoea. Fundi akashika upande wake, akasimama wima, akatamka kwa sauti iliyofika hadi kwa mlinzi: "Sikwangui. Na mkwe simwonyeshi." Mama akaachia.

Miaka yote hiyo hakupenda mtu aondoke dirishani kwake bila kuwa mtu, na kwa hilo tunamshukuru sisi, foleni nzima, na hasa fundi, ambaye amekataa kuchukua chochote kwa viatu vya kuagia alivyomtengenezea.

Mama, tumechanga tukakununulia feni, ile kubwa ya kusimama. Tutakukabidhi Ijumaa kwa mikono miwili, na hatutaachia mpaka uape kwa sauti kwamba utaiwasha. Nenda ukapumzike vyema, na upepo hatimaye ukupate.