Kipande cha Sinema Dirishani

Ndugu zangu, mkisikia sauti yangu inakwaruza hivi, msifikiri nina mafua. Hii ndiyo sauti niliyorudishiwa, na ninashukuru kwa ajili yake. Nitaeleza jinsi nilivyoipoteza. Nikikosea, mama watoto yuko pale mbele, atanisahihisha. Amezoea.

Nilitoka upande wa magharibi nikapewa shule ya shamba karibu na Njoro. Wazazi wa watoto walikuwa wakamuaji na wachumaji wa maua ya pareto. Nyumba niliyokaa ilikuwa ya shule. Mwalimu akiachishwa kazi, anatoa vyombo vyake siku hiyo hiyo.

Kiingereza nilikifundisha vile nilivyofundishwa. Mambo ya jana, ya leo na ya kesho yote niliyaandika ubaoni, mimi napaza sauti, darasa la nne linaitikia: I milk, I milked, I shall milk. Waliimba vizuri, wapita njia walisimama kusikiliza. Lakini ukimwuliza mtoto mmoja peke yake jana alifanya nini, anatazama miguu yake. Na mimi nilijua dawa moja tu, kuongeza sauti.

Koo lilianza kuuma wakati wa vumbi la kuvuna ngano. Nikanywa asali, nikanywa majani machungu, nikaendelea na kelele. Siku moja nikafungua kinywa mbele ya darasa, ikatoka pumzi tupu. Daktari kule Nakuru alinimulika kooni akatikisa kichwa. "Mwalimu, muhula mzima usiseme neno, hata kunong'ona. Ukishindana na hili koo, sauti hutaipata tena."

Niliona aibu hata kwenda dukani. Mama watoto alinisemea kila mahali, na nawaambia, alinisemea hata mambo ambayo sikuwa nimeyafikiria. Msimamizi wa shule alipopata habari akaja.

"Pole sana, Mwalimu," akasema. "Lakini mwisho wa muhula nitakuja kusikiliza watoto wakisema Kiingereza. Wakiwa kama mwaka jana, nitaleta mtu mwingine. Darasa siwezi kumwachia bubu."

Mama watoto alimjibu kwa niaba yangu, na ninyi mnamjua. Msimamizi alipokwenda zake, nililia. Tulikuwa na watoto wadogo na hatukuwa na pa kwenda.

Basi, gari la sinema likafika shambani. Mnakumbuka lilivyokuwa: kitambaa cheupe kinatundikwa ukutani mwa ghala, na mtu wa sinema anaeleza kwa kipaza sauti. Ilikuwa sinema ya kutufundisha usafi wa maziwa. Mtu mmoja mvivu anaketi kukamua bila kunawa mikono. Lakini watu wetu ni wakamuaji, hawakuona mikono. Waliona miguu ya ng'ombe.

"Wewe! Hujamfunga miguu ya nyuma huyo!" mama mmoja akamwambia yule mtu wa kwenye kitambaa.

"Atakupiga sasa hivi," mwingine akasema.

"Tazameni mikono," mtu wa sinema akasihi. Hakuna aliyetazama mikono. Ng'ombe akainua mguu, na hapo hapo sinema ikaungua, ikakatika.

Yule bwana akakata sehemu iliyoharibika, akaunga, akaendelea. Tunaona mtu ananawa, ndoo imejaa maziwa, kila kitu ni safi. Sasa ng'ombe alipiga ama hakupiga? Shamba zima lilienda kulala likibishana. Hata mimi swali hilo lilinisumbua sana, na sikuwa na sauti ya kuuliza. Asubuhi nilimwendea mtu wa sinema kabla gari halijaondoka, nikamwonyesha kwa mikono: mguu, ndoo, mkasi. Alicheka, akanipa kile kipande. Urefu wake ulikuwa kama wa mkono wangu.

Nilikifunga dirishani penye mwanga. Vile vipicha ni vidogo kama ukucha, kwa hivyo anayeweza kutazama ni mtoto mmoja tu, tena aweke jicho karibu. Msichana wa kwanza aliinama. Wengine wote nyuma yake: "Anafanya nini? Amepiga?" Nikagonga ubao. Nilikuwa nimeandika: kwa Kiingereza.

Wakamsukuma. Halafu, pole pole, "The cow is standing." Wakauliza tena, na tena. Nilikuwa nimefunika sehemu ya chini kwa karatasi, ili kila atazamaye aseme anachodhani kitatokea. Nikishusha karatasi kidogo, anasema kilichotokea. Wakamuaji hawa wadogo walibishana bila kuona haya, maana mambo ya ng'ombe waliyajua. Mimi nilisimama pembeni nikisahihisha kwa chaki, nikijiuliza watoto hawa walikuwa wapi miaka yote niliyokuwa nikipiga kelele.

Msimamizi akaja kama alivyosema. Aliwauliza maswali ya ubaoni, mmoja mmoja, nao wakatazama miguu yao. Nikaanza kuwaza tutapakia nini kwanza.

Halafu akaona dirisha. "Na hiki ni nini?" Akainama kutazama. Ndugu zangu, kwetu kulikuwa na sheria: anayekaa dirishani ndiye anayeulizwa.

"Sir, what is the cow doing?" mmoja akamwuliza.

"It is standing," akajibu, jicho liko kwenye kipande.

"No, sir. It has lifted the leg. Look again."

"It will kick him!" wakasema wa nyuma. "It will not! He will run!"

Akashusha karatasi mwenyewe. Akatazama, akabishana nao, wakambishia. Mwisho alifika mahali penye kuungua, picha zinapokwisha. Akanigeukia, kofia mkononi. "Kwa hivyo ndoo ilimwagika ama haikumwagika?"

Nikainua mabega. Hakuna ajuaye mpaka leo.

"Mwalimu," akasema, "kaa kwa nyumba yako."

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari aliyenifunga mdomo, na yule bwana wa sinema ambaye sidhani anakumbuka alichonipa. Mama watoto namshukuru kwa maneno yote. Na wewe uliyekuja hapa ukidhani ulichonyang'anywa ndicho kilichokuwa kinakulisha, nakuambia, ngoja kwanza uone.

Muhula uliofuata daktari aliniruhusu kusema. Niliingia darasani nimejiandaa. Watoto walikuwa dirishani na kipande kile kile, nikafungua kinywa niwasalimu. Yule msichana akanigeukia kwa adabu.

"Please wait, Mwalimu. We have not finished."

Nikaketi. Nilikuwa na furaha hata machozi yakanitoka.