Kengele ya Shimo la Kwanza

Wewe unayekunja pua eti kengele haiwezi kuokoa uwanja wa gofu, kunja mpaka ifike kisogoni. Bi Kidomo alikuwepo, wewe hukuwepo. Chumba chake cha kahawa kina benchi moja, nyuma ya lango la wafanyakazi wa uwanja huo, na wateja wake wote wanakula kwa gofu. Tangu uwanja mpya ufunguliwe ng'ambo ya barabara, wachezaji walihama, na Bi Kidomo alikuwa ameshafunga vikombe vyake kwenye magazeti. Asubuhi hiyo tangazo likabandikwa langoni: hatufungi, wachezaji wamerudi. Vikombe vikafunguliwa. Watu wakashusha pumzi, kisha wakaanza kugombea sifa.

— Ni nyasi zangu, alisema Fyeka, mkata nyasi. Laini kama shavu la mtoto mchanga.

— Nyasi hufuatwa na ng'ombe! alidakia Mabega, mbeba mifuko ya fimbo. Mimi ndiye nawaambia upepo unakotoka. Juzi nimepiga chafya tu, mpira huo shimoni!

— Ni supu yangu, alisema Sufuria, mpishi wa klabu. Harufu inavuka barabara, inawakamata wapinzani puani, inawaleta wenyewe.

— Supu ile? alisema Bi Kidomo. Kama ndiyo iliyowarudisha, walirudi kudai waombwe radhi.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamama mchezaji, glavu mkono mmoja.

— Shikamoo, bibi. Namtafuta yule mzee wa kengele, wa shimo la kwanza.

— Marahaba. Amekukosea nini?

— Nataka kumshukuru. Meneja alipomwondoa, makundi yaliingia kama mbuzi walioona lango wazi. Tukawa tunasubiriana kila shimo, ndiyo maana tukahama. Ng'ambo nako ni foleni tu. Tangu arudishwe, anagonga kila baada ya dakika kumi, linaingia kundi moja, na mapema tuko nyumbani. Hivi, anaitwa nani?

Fyeka akamtazama Mabega. Mabega akamtazama Sufuria. Sufuria akatazama kikombe.

— Mzee wa... kengele, alisema Fyeka.

Bi Kidomo naye akalitafuta jina, wapi. Miaka yote mtu huyo hajaketi benchini kwake hata mara moja. Kengele angemwachia nani? Akatikisa birika: kahawa ya kikombe kimoja tu imebaki.

— Bibi, niongeze, alisema Mabega.

— Mwambie chafya yako ikuongeze.

Akaimimina kahawa yote kwenye kikombe kisicho na ufa.

— Twende, mwanangu, tukamuulize mwenyewe.

Akatoka na mgeni, akaufunga mlango, akawaacha wenyewe na sifa zao ndani.