Risala ya Mafundi wa Lesi kwa Mkurugenzi Aliyeagiza Namba Themanini Tu

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa duka linalochukua lesi zetu; bwana dobi, mwenye chumba hiki; mafundi wenzetu, na majirani mliosimama mlangoni kwa kukosa viti:

KARIBU

Tumefurahi kukuona. Tungependa kukuita kwa cheo chako tangu mwanzo hadi mwisho, ila wengi wetu tulikuwepo ulipokuwa hujui hata kushika uzi, na ulimi una mazoea yake. Ukisikia mahali tumeteleza tukakuita mwanetu, utuwie radhi. Kiti ulichokalia kina mguu mmoja mfupi. Usiegemee kushoto.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza na watu watatu katika chumba hiki cha nyuma kwa dobi, kwa sababu kilikuwa na meza, na mwenyewe hakuwa akikitumia. Aliyetufundisha ni Mama Pete, yule pale dirishani anayejifanya hasikilizi. Jina hilo tulimpa kwa sababu ya kazi yenyewe. Lesi yetu haifumwi kwa sindano. Ni mafundo madogo yanayofungwa kwa vidole, kwa msaada wa kibao cha uzi kinachoenea kiganjani. Mafundo yakitimia, unavuta uzi nayo yanajikunja kuwa pete. Pete ikikataa kufunga, hujafanya kitu.

Wewe ulijiunga ulipomaliza shule, una haraka ya kila jambo. Siku ya kwanza Mama Pete alikuambia uchague uzi wako. Ukasema wewe bado mwanafunzi, unataka mnene, ukachomoa donge lenye namba kubwa kuliko yote kabatini. Hakuna aliyekuambia kwamba namba ikipanda, uzi unakonda. Tulitaka kuona. Ulihangaika na namba themanini tangu asubuhi mpaka dobi alipopiga pasi shuka la mwisho, ukapata pete moja, ndogo kama punje ya mtama. Ukaidondosha, na hadi leo haijaonekana.

Kesho yake ulikuja na sufu uliyoifumua kwenye sweta la kaka yako, bila kaka yako kujua. Sufu ina manyoya. Mafundo yakang'ang'aniana, pete ikagoma. Ukalia. Ndipo Mama Pete akakupa pamba namba ishirini, iliyosokotwa ikakazwa, laini, yenye kung'aa, akakuambia, "Haya, anza na huu unaouona. Mwembamba utakuja wenyewe."

Tunakumbusha haya kwa nia njema kabisa.

TULIYOYAFANYA

Leo tuko kumi na mmoja, pamoja na fundi cherehani mstaafu, ambaye ndiye mwanamume pekee na ndiye anayelalamikia mgongo kuliko sote. Tunatengeneza kola, pindo za leso, vitambaa vya sinia na shela za maharusi.

Kila kazi tunaichagulia uzi wake. Shela ni namba themanini, maana ikiwa nzito bibi harusi atatembea kainamisha shingo kama anayetafuta hereni. Leso ni arobaini. Kola na vitambaa vya sinia ni ishirini, kwa kuwa vinafuliwa kila mara, na bwana dobi wetu si mtu wa huruma. Uzi wa cherehani hatuutumii. Unateleza, na ukiuvuta kwa nguvu unakata kidole. Mstaafu wetu alibisha, akaujaribu, na kovu analo hadi leo.

YANAYOTUSUMBUA

La kwanza ni mwanga. Dirisha ni moja, na mbele yake ndiko bwana dobi anakoanika. Siku ya mashuka tunafunga mafundo kwa kupapasa mchana kweupe. Tulipomweleza, alijibu kwamba jua ni la wote.

La pili, mgeni rasmi, ni waraka wako.

Waraka ulisema lesi yote, ya kila aina, ifanywe kwa namba themanini, kwa sababu wateja wanapenda wembamba. Ukatupa miezi mitatu ya majaribio. Ukaongeza kwamba fundi atakayeshindwa hataachwa hivihivi: ataondolewa kwenye orodha ya mafundi na kufanywa mlezi wa heshima, atakuwa anakaa mbele kwenye mikutano na kupewa soda.

Tulijua ni nani atakayeshindwa. Wewe pia ulijua, au hukufikiria, na hatujui lipi linatuuma zaidi. Macho ya Mama Pete yamechoka. Namba themanini haioni tena, hata tukimtandikia kitambaa cheusi mapajani.

Sasa tunakuja kwenye ungamo. Tulibandua karatasi ya namba themanini tukaibandika kwenye donge la namba ishirini, tukampa. Tulijiona wajanja sana. Tulisahau jambo ambalo hata mwanafunzi wa siku mbili analijua: mafundo yaleyale, kwenye uzi mnene, yanatoa kitambaa kikubwa. Ukatuandikia kuuliza kwa nini vitambaa vya Mama Pete vinakaribia kuwa mara mbili ya vya wenzake, ilhali mchoro ni mmoja. Tukakujibu kwamba fundi huyo ana mkono mkarimu.

Ule ulikuwa uongo. Tuliuandika kwenye kikao, kwa kura, na mstaafu ndiye aliyeleta neno "mkarimu".

Tulikuwa tumepanga kukuomba, kwa kuzungukazunguka, umwonee huruma. Asubuhi ya leo tulipokuwa tukifanya mazoezi ya kusoma, Mama Pete alitoka dirishani, akasimamisha usomaji, akamwamuru katibu afute ombi hilo na aandike maneno yake kama yalivyo. Tunayasoma:

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Namba themanini ukiipitisha vidoleni haisemi kitu. Ule uzi ulinisalimia. Nilinyamaza kwa sababu niliwaona hawa watu wazima wananyata na gundi, nikasema waache, wamepata mchezo. Lakini huruma sitaki. Na soda sinywi, inanijaza tumbo. Mwanangu, mimi si mlezi wa mtu. Nafanya kazi. Nipe namba ishirini, na iandikwe ishirini."

Baada ya hapo alirudi kukaa. Sisi tuliona aibu.

TUNAYOOMBA

Tunaomba mambo mawili. Kola na vitambaa vya sinia virudi kwenye namba ishirini, kwa sababu ndio uzi wake, hata kama kila fundi hapa angekuwa na macho ya mwewe. Na Mama Pete abaki kwenye orodha ya mafundi. Tunaogopa, mwanetu. Tunaogopa kwamba siku ukimpa kiti cha mbele, hatakuja tena hapa asubuhi, na hatujui chumba hiki kitakuwa nini bila yeye.

Usitujibu sasa. Inua kwanza hiyo glasi ya maji. Kitambaa kilicho chini yake ni kazi ya Mama Pete ya wiki iliyopita, ameimaliza bila miwani. Kigeuze. Kivute pembe zote. Tafuta kosa. Sisi tutasubiri, hatuna haraka.

Mungu akujalie macho ya kuona mbali na vidole vya kuona karibu. Akulindie duka lako, akulindie na kaka yako, ambaye tunatumaini alishapata sweta jingine.

Ni sisi,
Kikundi cha Lesi cha Chumba cha Nyuma

Mwenyekiti
Katibu, aliyesoma
Mama Pete, fundi